Jibu: Kongo ni Afrika Mashariki au ya Kati?

Salamu ndugu. Unauliza kwa nini kitabu cha mtoto kinaiweka Kongo ya Kinshasa Afrika ya Kati, ilhali pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, unaambiwa ni wenzetu wa Afrika Mashariki. Zote sahihi. Kwanza tazama orodha imetoka kwa nani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mkataba: nchi huomba, ikikubaliwa inaingia. Kongo iliingia 2022, Somalia 2024. Umoja wa Mataifa wao hupanga nchi kwa ajili ya takwimu, na Mashariki yao ina hata Zambia, Zimbabwe na Msumbiji! Kongo wameiweka Kati, Sudan Kaskazini. Umoja wa Afrika nao una kanda zake 5. Humo Sudan inarudi Mashariki, Burundi inakwenda Kati. Hiyo Burundi ndiyo huwavuruga wengi, maana imo kwenye Jumuiya tangu 2007.

Swali la jiografia, mtoto aandike Kati. Likitaja Jumuiya, Kongo ihesabiwe. Na viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ni jambo jingine kabisa: Uganda, Kenya na Rwanda tu, hata Tanzania haimo.