Wapya wa karakana, wekeni msasa chini

Juzi, katika karakana yetu ya kukarabati samani za zamani, nimemkuta kijana mpya amekikalia kiti cha zamani na msasa mkali namba 80, anasugua mkono wa kiti kwa nguvu zake zote. Akaniangalia kwa furaha: “Kimetakata, fundi!” Kilikuwa kimetakata kweli, na mimi nikatafuta mahali pa kukaa. Kila mara wanapoingia wapya ni msasa uleule. Basi naandika, maana koo limechoka.

1. Pindua kwanza. Uso wa kabati ulichongwa ili usifiwe. Mgongo wake na tumbo la droo hakuna aliyetarajia uvitazame, ndiyo maana havijui kudanganya. Toa droo, angalia kona. Mikia ya njiwa, yaani meno ya kiungo cha kona yaliyopanuka nchani, ikikatwa kwa mkono haifanani: mmoja mnene, mwingine mwembamba, na mkwaruzo wa kupimia bado upo. Ikilingana yote, uwezekano mkubwa ni mashine, na mashine za kazi hiyo zilienea nusu ya pili ya karne ya 19. Kisha pitisha kiganja chini ya ubao. Randa ya mkono huacha mawimbi ambayo vidole huyajua kabla ya macho.

2. Msasa haugusi nakshi. Makali yaliyoachwa na patasi kwenye pembe za jani ndiyo kazi yenyewe. Ukiyasugua unabaki na jani kama kipande cha sabuni kilichoogewa na familia nzima. Vumbi la kwenye nakshi linatolewa kwa brashi laini. Tuendelee.

3. Usimsahihishe marehemu. Hapa mnivumilie.

Nilipokuwa bado najifunza, kililetwa kiti cha mwaloni, mgongo wake umechongwa majani kulia na kushoto. Jani la kushoto lilikuwa fupi kidogo, ncha yake nene. Nikachukua bikari, nikapima, nikathibitisha: halilingani na mwenzake. Nikaamua kwamba mzee wa watu alichoka, giza likaingia, akaacha hivyohivyo. Hakuna aliyenituma. Nilichukua patasi ya mviringo nikaanza kulikondesha jani lile, tena napiga mluzi. Lilipotoka linafanana na la kulia nikawaita wenzangu waje waone. Walisifu, wajinga kama mimi.

Fundi wangu alikuja, akaligusa kwa kidole kimoja, ncha ikabaki mkononi mwake. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisogeza taa pembeni, akaniambia nifuate nyuzi za mbao. Upande wa kulia nyuzi zilikwenda sambamba na jani. Kushoto palikuwa na fundo dogo lililozipindisha, zikawa zinalikatiza jani kwa upana. Mbao ya namna hiyo ukiikondesha haina cha kuishikilia. Mchongaji alikuwa ameliona fundo lile, akafupisha jani, akaacha unene penye hatari, kisha akachimba mfereji wenye kina zaidi kuliko wa upande wa pili, ili kivuli kiwe kirefu na mtu aliyesimama mbele asione upungufu. Nami nilikuwa nimesimama mbele siku nzima. Uamuzi wote ule, mimi niliuita uchovu.

Tuliirudisha ncha kwa gundi ya ngozi. Zile chembe nilizozinyoa, nilikuwa nimeshazifagia mwenyewe, maana nilikuwa kijana msafi. Aliyetumwa kumweleza mwenye kiti ni mimi, na hilo sitalisimulia.

4. Nakshi iliyochongwa baadaye. Fundi aliyekusudia nakshi tangu mwanzo aliacha mbao ya ziada, hivyo nakshi inasimama juu ya uso. Katika karne ya 19 samani nyingi za zamani zisizo na urembo zilichongwa upya zionekane tajiri. Hapo nakshi imezama na mguu umekonda kiunoni. Weka rula, utaona.

5. Meza ya duara ya zamani isiyo duara. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisinyai kabisa, kwa hiyo meza iliyotengenezwa duara hupungua upande mmoja tu: pima mara mbili, kufuata nyuzi na kuzikatiza. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunieleza, kwa huruma kabisa, kwamba mafundi wa kale hawakuwa na vipimo vizuri. Alikuwa tayari na msumeno wa kuirekebisha. Namba tatu nilimsomea siku ileile.

6. Matundu ya wadudu. Tundu dogo la mviringo ni mlango wa kutokea. Ukikuta mifereji iliyo wazi imelala juu ya uso, mbao ilikatwa au kupigwa randa baada ya kuliwa. Uliza kwa nini. Na ukikuta unga mpya chini ya mguu, wenye nyumba bado wamo. Kifaa hicho kiweke mbali na vingine leo hii, kabla hujaniita kukiangalia.