Utangulizi Umekaa Mwisho: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mpangilio wa Folda za Marejeo

Maswali yaliyonifikia safari hii yametoka kwa wanafunzi, walimu na watafiti wa Mbeya, Iringa na wilaya za jirani wanaotunza marejeo yao kwa programu ya Zotero. Karibu yote yanagusa jambo moja, nalo ni kwamba folda hazikai pale mwenye maktaba anapotaka zikae. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu ndilo linaloyabeba yale yanayofuata.

Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Mbeya, na tasnifu yangu inahusu ukungu wa viazi mviringo. Nimetengeneza folda moja kwa kila sura, lakini Hitimisho limekaa juu kabisa na Utangulizi uko chini ya zote. Nilijaribu kuiburuta folda ya Utangulizi kwa kipanya niipandishe juu, ikatoweka. Nifanye nini?

Marahaba. Folda yako haijapotea. Zotero hupanga folda kwa kufuata alfabeti ya majina yake, wala haina njia ya kuzipanga kwa mkono, hivyo unapoiburuta folda na kuiachia juu ya nyingine, programu huelewa kwamba unataka ya kwanza iingie ndani ya ya pili. Bofya alama ndogo iliyo pembeni ya folda uliyoiachilia juu yake, nayo itafunguka na kukuonyesha Utangulizi ukiwa ndani. Uburute tena, safari hii uuachie juu ya jina la maktaba yenyewe lililo kileleni mwa safu ya kushoto, nao utarudi katika ngazi yake ya awali.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaumizwa na alfabeti kuliko wengi, na nimeona vijana wakidhani kwamba kompyuta zao ni mbovu. Hebu tazama sura za kawaida za tasnifu zinavyojipanga: Hitimisho, Majadiliano, Mapitio ya Maandiko, Matokeo, Mbinu za Utafiti, Utangulizi. Kazi imeanza na mwisho na kuishia na mwanzo, na katikati sura nne zinazoanza kwa herufi M zimepangana bila kujali ipi inatangulia ipi. Ukisema utumie majina ya Sura ya Kwanza, Sura ya Pili na kuendelea, hali haiwi nafuu, kwa kuwa baada ya Kwanza itakuja Nne, kisha Pili, Sita, Tano, na Tatu ndiyo itakayofunga.

Dawa yake ni kuanza jina la kila folda kwa tarakimu. Ninachosisitiza, na ambacho wengi hukiruka, ni kuacha nafasi kati ya namba na namba, kama wewe mwenyewe unavyoacha nafasi kati ya tuta na tuta shambani. Usiandike 1, 2, 3. Andika 10 Utangulizi, 20 Mapitio ya Maandiko, 30 Mbinu za Utafiti, 40 Matokeo, 50 Majadiliano, 60 Hitimisho. Siku msimamizi wako atakapokuambia kwamba nadharia inastahili kusimama peke yake baada ya mapitio, utaunda folda ya 25 Nadharia nayo itajipenyeza mahali pake bila kukulazimisha kubadili jina la folda nyingine hata moja. Aliyeanza na 1, 2, 3 atalazimika kubadili majina yote yanayofuata, na kwa uzoefu wangu mtu akishafanya hivyo mara mbili huacha kabisa kupanga.

Tumia tarakimu mbili tangu mwanzo, hata kama folda zako ni tano tu. Ziko programu zinazosoma namba tarakimu moja baada ya nyingine, ambamo 10 hutangulia 2 kwa sababu 1 hutangulia 2. Ukiandika 02 na 10, mpangilio utakuwa ule ule popote utakapokwenda. Alama kama nyota na mistari, ambazo baadhi ya wenzako huziweka mbele ya majina ili yapande juu, mimi sizishauri, kwa kuwa kila programu huzipanga kwa kanuni zake.

Folda za ndani huanza hesabu yake upya. Ndani ya 20 Mapitio ya Maandiko unaweza kuwa na 10 Phytophthora infestans, 20 Mbegu stahimilivu na 30 Viuatilifu, na namba hizo hazitagongana na zile za nje. Kubadili jina la folda hakugusi makala zilizomo wala dondoo ulizokwisha kuingiza katika andiko lako, kwa hiyo fanya kazi hii leo bila hofu, hata kama umefika kurasa 80.

Ninafundisha historia katika sekondari moja mkoani Iringa na ninakusanya maandiko kuhusu Wahehe na vita dhidi ya Wajerumani. Ningependa folda zangu zifuate wakati, si alfabeti.

Somo lako ndilo jepesi kuliko yote kulipanga, kwa sababu miaka yenyewe ni tarakimu. Anza kila jina kwa mwaka: 1891 Lugalo, 1894 Kuanguka kwa Kalenga, 1898 Kifo cha Mkwawa, 1954 Kurejeshwa kwa fuvu. Programu itazipanga kama zilivyotukia, na hapa huhitaji kuacha nafasi, maana miaka yenyewe imekuachia. Ukipata maandiko kuhusu Maji Maji, andika 1905 Maji Maji, nayo folda itakaa kati ya 1898 na 1954.

Pale unapohitaji mwezi na siku, tanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, vyote kwa tarakimu. Vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891 vitakuwa 1891-08-17 Lugalo. Ukiandika jina la mwezi, Agosti itatangulia Januari, na ukianza na siku, kama tulivyozoea kuandika tarehe ubaoni, matukio ya tarehe 17 ya miaka tofauti yatarundikana pamoja.

Kwa yale yasiyo na mwaka mmoja, kwa mfano zana za mawe za Isimila, ambazo umri wake ni wa maelfu mengi ya miaka, tumia 0000 Isimila ili zikae juu ya yote. Maandiko yanayohusu kipindi kirefu yape mwaka wa kuanza tu. Ukiandika miaka yote miwili, jina huwa refu na safu ya kushoto haitoshi kulionyesha.

Je, nikibadili mpangilio wa folda, orodha ya marejeo mwishoni mwa tasnifu yangu nayo itabadilika?

Haitabadilika. Orodha ile hupangwa na mtindo wa unukuzi uliouchagua: APA hupanga kwa alfabeti ya majina ya waandishi, ilhali Vancouver na IEEE huyapa marejeo namba kwa kadiri yanavyotokea katika andiko. Folda ni kwa ajili yako wewe unayesoma na kufikiri, na mtahini hatazijua kamwe.

Makala moja inahusu mbinu za utafiti na pia matokeo. Nikiiweka katika folda mbili, si nitakuwa na nakala mbili? Na nikiifuta katika moja?

Hutakuwa na nakala mbili. Katika Zotero makala hukaa mara moja tu ndani ya maktaba, na folda huielekeza, kama mtu mmoja anavyoweza kuwa mwanakwaya na pia mjumbe wa kamati ya shule bila kugawanyika. Ukisahihisha mwaka wa kuchapishwa ukiwa katika folda moja, umesahihisha kote. Unapoiburuta kutoka folda moja kwenda nyingine, hubaki pia kule ilikotoka. Ikiwa unataka ihame kabisa, shikilia kitufe cha Shift wakati wa kuburuta, kama unatumia Windows au Linux.

Kuhusu kufuta, ninaomba usome taratibu. Ukiwa ndani ya folda ukabonyeza kitufe cha Delete, makala hutoka katika folda hiyo tu na kubaki katika maktaba. Ukifanya hivyo hivyo ukiwa umesimama kwenye maktaba nzima, makala huenda kwenye kikapu cha taka na kuondoka katika folda zake zote. Usipobadili mipangilio, kikapu hujisafisha chenyewe kwa kuondoa vilivyokaa humo zaidi ya siku 30. Mwaka mmoja nilikaa na mwanafunzi aliyekuwa akisafisha folda zake kabla ya kuwasilisha, na akagundua kwamba kwa siku nzima alikuwa amesimama mahali pasipo. Tulivirudisha vyote kwa sababu alikuja mapema. Kabla ya kufuta chochote, tazama safu ya kushoto ujue ni jina gani limeng'aa.

Na kama umesahau makala fulani umeiweka wapi, iteue kisha shikilia kitufe cha Control katika Windows au Option katika Mac kwa muda mfupi, na folda zote zilizo na makala hiyo zitang'aa.

Nina folda zaidi ya 70, nyingine ziko ndani ya folda ambazo ziko ndani ya folda. Namba zimenisaidia lakini bado sioni kitu.

Namba haziwezi kuokoa maktaba iliyogawanywa kupita kiasi, na ninadhani hapa umeibebesha folda kazi isiyokuwa yake. Naweza kukisia kwamba miongoni mwa hizo 70 zimo Nisome kwanza, Nimeshasoma, Muhimu sana, Za kuuliza msimamizi. Hizo ni hali za usomaji, nazo hubadilika kila juma, ilhali folda ifaa iwe ya mada au ya sura, kitu kinachodumu. Hali zigeuze kuwa lebo, yaani maneno mafupi yanayobandikwa kwenye makala yenyewe. Zotero hukuruhusu kuzipa rangi lebo hadi tisa, na kila moja hupewa kitufe chake kuanzia 1 hadi 9, hivi kwamba ukiteua makala na kubonyeza 1, lebo hubandikwa, na ukibonyeza tena, hubanduliwa. Mpangilio wa lebo hizo za rangi unauchagua mwenyewe, jambo ambalo folda zimekunyima.

Kwa kina cha folda, mimi huishia ngazi mbili. Ngazi ya tatu huwa nairuhusu kwa mapitio ya maandiko peke yake.

Sisi ni watafiti watano tunaoandika kuhusu misitu ya Mufindi na tuna maktaba ya pamoja. Kila mmoja anataka mpangilio wake, na tumeanza kubadilishiana majina ya folda kila siku. Kuna njia ya kila mtu kuona kwa namna yake?

Katika maktaba ya kikundi, jina la folda ni moja kwa wote, na mmoja akilibadili limebadilika kwa wenzake wanne. Unaweza kuburuta makala kwenda maktaba yako binafsi na kuzipanga huko upendavyo, lakini hapo utakuwa umetengeneza nakala inayojitegemea, na masahihisho ya wenzako katika maktaba ya pamoja hayatakufikia. Kwa andiko mnaloliandika kwa mikono mitano, hiyo ni hatari, kwa sababu mtajikuta mmenukuu kitabu kimoja kwa miaka miwili tofauti.

Kaeni pamoja mara moja, mkubaliane majina na namba, kisha mmoja wenu apewe dhamana ya kuyabadili. Mpeni kila mtu folda moja yenye namba kuanzia 90 na jina lake, ambamo atapanga kwa kadiri anavyotaka bila kuuliza.

Ninataka kuhamia programu nyingine. Je, mpangilio wangu utanifuata?

Inategemea faili utakalolitoa. Faili la RIS, ambalo karibu kila programu hulisoma, hubeba taarifa za marejeo lakini haliachi alama yoyote ya folda, na watu wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kuhama. Zotero RDF huhifadhi folda, ila ni programu chache zinazolipokea. Kabla ya kuhama, ingia folda moja baada ya nyingine, teua makala zote zilizomo, na uzibandike lebo yenye jina lile lile la folda pamoja na namba yake. Lebo husafiri ndani ya RIS kama maneno muhimu, na huko uendako utatafuta 20 Mapitio, uteue zote na kuziingiza katika folda mpya. Kazi hii huchukua jioni moja. Vilevile uiache maktaba ya zamani ilivyo mpaka utakapothibitisha kwamba idadi ya makala ni ile ile pande zote mbili.

Niko Tukuyu na bando langu ni dogo. Nikibadili majina ya folda zote 30, programu haitapakia upya PDF zangu zote?

Haitapakia. Zotero hushughulikia taarifa na mafaili kwa njia mbili tofauti, na jina la folda ni taarifa ya maneno machache tu. PDF hupakiwa zinapoongezwa au zinapobadilika zenyewe, si folda yake inapopewa jina jipya. Kama hata hivyo unaona bando linaisha, nenda kwenye mipangilio uzime usawazishaji (sync) wa mafaili na kuuacha ule wa taarifa, kisha uuwashe tena siku utakapofika penye mtandao wa chuo.