Je, kusoma falsafa kunamtoa mtu katika dini?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Lamu, nasoma chuo kikuu, na somo la falsafa kwetu ni la lazima. Ami yangu alinikuta barazani na kitabu chake, akasema falsafa ni haramu na mwisho wake ni ukafiri. Tangu siku hiyo sina raha, maana ni kweli nikisoma hunijia maswali kuhusu kuwapo kwa Mungu. Je, nimeshatoka katika Uislamu? Na kama sina budi kusoma, nisomeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Tuanze na linalokukosesha usingizi: hujatoka katika Uislamu, wala huhitaji kutoa shahada upya. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kuwa hukuta nafsini mwao mambo ambayo ni mazito mno kuyatamka. Akawajibu kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Ameipokea Muslim. Imani ilikuwa katika kule kuyachukia kwao. Katika Hadithi nyingine, ya Bukhari na Muslim, shetani humuuliza mtu nani aliumba hiki na nani aliumba kile, hata amuulize nani aliyemuumba Mola wako. Ikifika hapo, mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome.

Basi jua kutenga swali na wasiwasi. Swali la elimu likijibiwa hutulia, au huzaa swali jingine lililo mbele yake. Wasiwasi hurudi vile vile hata ukijibiwa mara kumi, na hupenda kuja ukitawadha au ukihirimia sala. Swali lipeleke kwa mwalimu. Wasiwasi usiujadili, kwani mjadala ndio chakula chake.

Ama ami yako, hilo hakulitunga. Ibnu Salah (aliyefariki 1245) na Imam Nawawi (1277), ambaye sisi Mashafii twamtegemea sana, waliharamisha hata mantiki, yaani elimu ya kupanga na kupima hoja, ambayo ni sehemu ya falsafa. Lakini mwanachuoni al-Akhdari katika Sullam, utenzi wake wa mantiki, ametaja kauli tatu: hiyo ya wawili hao, ya waliosema yafaa mantiki ijulikane, na ile aliyoiita mashuhuri na sahihi, kwamba yajuzu kwa mwenye akili timamu aliyeizoea Sunna na Kitabu. Wafafanuzi wakaongeza kuwa ugomvi ni juu ya mantiki iliyochanganywa na itikadi za wanafalsafa. Jiulize basi sharti hilo unalo kiasi gani.

Imam Ghazali (1058–1111) alizigawa elimu za wanafalsafa mafungu sita: hisabati, mantiki, maumbile, uungu, siasa na akhlaki. Makosa yao mengi aliyaona katika fungu la uungu. Katika Tahafut, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, aliwajibu kwa masuala 20, na ni matatu tu aliyoyahukumu kuwa ukafiri: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui mambo madogomadogo kimoja kimoja, na kwamba miili haitafufuliwa. Kwa hiyo "falsafa yote ni ukafiri" si kauli ya mpinzani wao mkubwa. Naye alionya juu ya rafiki mjinga wa Uislamu, anayekanusha hata hesabu ya kupatwa kwa mwezi. Aliyeihakiki hesabu hiyo akimsikia, hudhani dini imejengwa juu ya ujinga. Balaa hili naliona kwetu kuliko lile la vitabu.

Tena Ghazali hakujibu kabla ya kusoma. Alizisoma elimu zao muda usiotimu miaka miwili, akiwa na wanafunzi 300 Baghdad, kisha karibu mwaka mzima akawa anazirudia na kuzipima.

Nawe anzia Aqidatul Awam, utenzi wa itikadi. Ni beti 57. Ukichukua kumi kwa wiki, wiki sita zimekutosha. Wengi wameihifadhi chuoni utotoni bila kuuliza dalili ya hata sifa moja kati ya zile 20 za wajibu za Mwenyezi Mungu. Isome mbele ya mwalimu, na Lamu, yenye msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, hamkosi walimu. Halafu soma mantiki kidogo: namna ya kufafanua neno, na namna kiyasi, yaani hoja iliyopangwa, kinavyotoa natija, yaani hitimisho. Ndipo ufungue kitabu cha chuo kikuu.

Katika kila sura andika dai la mwandishi kwa maneno yako, hoja yake, na fungu lake kati ya yale sita. Raddi, yaani kumjibu kwa kumpinga, iwe mwisho. Anayeanza na raddi humjibu mtu jambo ambalo hakulisema. Usitegemee vipande vya kwenye simu. "Mungu amekufa" ya Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, hutumwa kana kwamba ni hoja, na katika kitabu chake cha 1882 ni maneno ya mwendawazimu sokoni, akieleza hali ya watu wa Ulaya walioiacha imani. Nietzsche hakuwa muumini, lakini hapo hakuna dalili ya kukanushwa. Na katika mtihani, kuandika "fulani amedai hivi" hakukudhuru: mwenye kunukuu ukafiri si kafiri.

Kwa ami yako usiende na "tafuteni elimu hata China". Mwanachuoni Ibnul Jauzi ameitia katika Hadithi za uongo, na akijua hilo atakushinda palepale. Wala usimjibu barazani mbele ya watu. Mwendee nyumbani baada ya Isha, umwombe akusikilize beti zako kumi za wiki hiyo.

Wallahu aalam.