Maswali ya Wasomaji: Nguzo ya Darubini Bustanini

SWALI: Darubini yangu ina kioo cha sentimita 20, na pamoja na kitako chake (sehemu inayoishika na kuizungusha) ina uzito wa kilo 30 hivi. Ikiwa kwenye miguu mitatu, nyota hutikisika kila nikigusa kifundo cha fokasi. Fundi ameshauri nichimbe shimo la mita moja na nusu, nilijaze zege, kisha nisimamishe bomba la chuma la sentimita 10. Je, yatosha?

JIBU: Shimo limezidi na bomba limepungua. Wengi huzika saruji yote ardhini, ilhali mtikisiko unaanzia juu ya ardhi. Nguzo ya duara iliyojaa zege, ukiiongezea kipenyo mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara 16. Ukiirefusha mara mbili, hupinda mara 8 zaidi kwa msukumo uleule. Kwa hiyo iwe nene, na iwe fupi kadiri shingo yako itakavyovumilia.

Kwa uzito wa darubini yako, msingi wa sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 80, unatosha kwenye udongo mgumu. Penye baridi ya kugandisha ardhi, ushushe chini ya kina kinachoganda, la sivyo barafu itauinua. Kuta za shimo zibaki za udongo ambao haujachokorwa, na zege limwagwe moja kwa moja dhidi yake. Ukichimba pana kisha ukafukia pembeni, udongo uliolegea hautaushika msingi. Juu yake pandisha nguzo ya zege yenye kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha mita moja hivi.

Mchanganyiko ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kazi nzima itakula mifuko miwili na nusu ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko: zege la uji ni rahisi kumwaga, lakini hudhoofika na kupasuka likikauka. Nondo 4 za milimita 12 zitoke chini ya msingi hadi karibu na kichwa cha nguzo bila kukatwa, zikifungwa ringi kila sentimita 20. Mwaga msingi na nguzo siku moja, ukishindilia kwa kipande cha nondo ili hewa itoke. Lifunike zege na ulimwagilie maji kwa siku 7 walau. Darubini isubiri siku 28.

Sasa kichwa, mahali panapoharibu nguzo nyingi nzuri. Zamisha boliti 4 za milimita 16 zilizopindwa mguu, sentimita 30 ndani ya zege, ukitumia kibao kilichotobolewa ili zisihame. Juu ziachwe sentimita 5 tu. Watu huacha 15 ili mkono upite chini ya bamba linalobeba kitako, na boliti hizo ndefu hupinda kuliko nguzo nzima. Bamba liwe la chuma cha milimita 12 au zaidi, na kila boliti iwe na nati chini na juu ya bamba. Pima maji itumike, ila usihangaike na usawa kamili: kitako cha ikweta, yaani kinachofuata mzunguko wa nyota, hulengwa kwenye ncha ya anga (pale nyota zinapoonekana kuzungukia) hata bamba likiinama kidogo.

Ukipenda chuma, chagua bomba la sentimita 20 na ulijaze mchanga mkavu kabisa. Bomba tupu huendelea kutetema baada ya kuguswa, na mchanga wenye unyevu hulila kwa kutu.

SWALI: Nguzo yangu ni imara, lakini mtu akitembea kwenye sakafu ya mbao, nyota zinaruka. Kwa nini?

JIBU: Sakafu inaigusa nguzo mahali fulani. Kata mwanya wa sentimita 3 kuizunguka, na uhakikishe hakuna mhimili wa sakafu unaokalia msingi wake. Mwanya usizibwe kwa kitu kigumu.

SWALI: Boliti zielekezwe wapi?

JIBU: Kaskazini ya kweli, kwa sababu vitako vingi vina nafasi ndogo ya kurekebisha kushoto na kulia. Dira hupotoka, na nondo huipotosha zaidi. Simamisha kijiti wima, chora duara kukizunguka, kisha weka alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na tena alasiri. Mstari kutoka kijitini hadi katikati ya alama hizo mbili ni wa kaskazini na kusini. Uchore kabla ya kuchimba, na upigilie vigingi nje ya eneo la shimo ili usifutike.