Bolti ya tangi iliyoganda kwa kutu

Kaka, umeuliza namna ya kufungua bolti ya nyuma ya tangi la petroli la pikipiki iliyoganda: usiilazimishe. Hewa ya chumvi ya Malindi huigandisha ndani ya kibomba cha chuma kilicho katikati ya raba, ndiyo maana unaona raba inazunguka pamoja nayo. Na moto usitumie kabisa! Hata tangi likiwa tupu mvuke wa petroli hubaki, nao hulipuka.

Funga koki ya petroli, toa petroli iliyo tangini, sugua kutu kwa brashi ya waya, pulizia WD-40 (dawa ya kulegeza kutu) pande zote mbili, ulaze usiku kucha. Asubuhi gonga kichwa kidogo kidogo, kisha tumia boksi (spana ya kuvika kichwa cha bolti) ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hula kichwa. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze, robo mzunguko kila mara, ukirudisha kidogo. Bolti mpya ipake grisi.