Nandigram: hizo kura 83,186 umezitoa wapi?

SWALI: Habari za kazi mtaalam. Nina kazi ya chuo kuhusu jimbo la Nandigram kule West Bengal, India, matokeo nimeyapanga kwenye Eksel. 2006 CPI (Chama cha Kikomunisti cha India), 2009 TMC (Trinamool Congress), 2011 TMC, 2016 TMC kwa tofauti ya 81,230, 2021 BJP (Bharatiya Janata Party) kwa tofauti ya 1,956. Nikajumlisha hizo mbili za mwisho nikaandika kura 83,186 zilihama TMC kwenda BJP. Msimamizi wangu kazungushia wino mwekundu, hajaandika neno. Nimekosea wapi? Halafu hiyo 2009 imetokea wapi kama uchaguzi ni kila miaka 5?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wino mwekundu ni halali yako, ila angekuandikia hata mstari mmoja jamani.

Kwanza tuelewane lugha, maana India "jimbo" linachanganya, nikisema jimbo hapa ni jimbo la uchaguzi, lile la kutoa mjumbe mmoja wa Vidhan Sabha, yaani bunge la West Bengal lenye viti 294.

Sasa kosa. Ile 81,230 ya 2016 wala haiihusu BJP. Rudi kwenye karatasi ya matokeo usome mstari mzima usiishie kwa mshindi: TMC 134,623, CPI 53,393, BJP 10,713. Aliyeachwa kwa 81,230 ni CPI, BJP walikuwa watatu huko nyuma kabisa. We umechukua tofauti ya TMC na CPI ukaijumlisha na tofauti ya BJP na TMC, ni kama kujumlisha kilo na lita. Na hata ungeweka chama sahihi bado ungekwama, kwa sababu mtu mmoja akitoka chama A kwenda B, A inapungua moja na B inaongezeka moja, pengo linasogea mbili kwa mtu mmoja.

Fanya hivi, angalia kila chama kimepata au kimepoteza ngapi. 2021 BJP 110,764, TMC 108,808, na mrengo wa kushoto, yaani CPI na wakomunisti wenzao, safari hii ukasimamisha mtu wa CPI(M), chama kingine cha kikomunisti, akapata 6,267. Kwa hiyo BJP imeongeza 100,051. TMC imepoteza 25,815. Kushoto wamepoteza 47,126. Jumlisha hasara zote mbili unapata 72,941, bado zinabaki 27,110 ambazo hata ukiwakamua TMC na wakomunisti wote hazipatikani, maana yake kuna waliopiga 2021 ambao 2016 hawakupiga, na vyama vidogo vidogo. Ila usije ukaandika "wakomunisti 47,126 walienda BJP"! Jumla za jimbo hazisemi nani kaenda wapi, inawezekana wengine walienda TMC na wa TMC wakaenda BJP. Ukitaka kukaribia hapo tafuta Fomu 20, ile inayoonyesha kura kituo kwa kituo, na hata hiyo inakupa dalili tu.

Halafu kuna kitu ambacho Eksel yako imekuficha kabisa, na mi ndo naona ni kikubwa kuliko vyote: aliyeshinda 2016 na aliyeshinda 2021 ni mtu yule yule, Suvendu Adhikari. Desemba 2020 alijiuzulu kiti chake, siku chache baadaye akaingia BJP. Ukiangalia safu ya chama unaona jimbo limepinduka, ukiangalia safu ya mgombea unaona mbunge katetea kiti chake na kura zimeshuka kwa 23,859. Ongeza safu ya jina la mgombea, tena leo leo.

2009 sasa. Ule ni uchaguzi mdogo, Januari. Mjumbe wa CPI aliyechaguliwa 2006 alijiuzulu baada ya video ya kamera ya siri iliyodaiwa kumwonyesha akipokea rushwa. Lakini hali ilishachafuka kabla ya hapo: serikali ya kushoto ilitaka ardhi ya wakulima kwa ajili ya ukanda wa viwanda vya kemikali, watu wakachimba barabara wasifikiwe, tarehe 14 Machi 2007 polisi wakafyatua risasi wakafa watu 14. TMC walimsimamisha Firoza Bibi, mama aliyempoteza mwanae siku hiyo. Akashinda, na 2011 akashinda tena, mwaka ambao kushoto waliondoka madarakani West Bengal baada ya miaka 34.

Angalizo, mstari wa 2009 usiulinganishe moja kwa moja na wa 2011. Mipaka ya majimbo ilichorwa upya, na ule uchaguzi mdogo ulipigwa kwa mipaka ya zamani kwa sababu bunge lile lilikuwa halijavunjwa. Kuanzia 2011 ni jimbo namba 210, bloku (maeneo ya utawala) za Nandigram I na Nandigram II. Weka mstari mnene hapo kwenye jedwali. Na kama umeandika Nandigram ni "ngome ya kushoto tangu zamani", punguza makali, 1977 walichukua chama cha Janata na 1996 chama cha Congress.

La mwisho, aliyeshindwa 2021 kwa hizo 1,956 ni Mamata Banerjee mwenyewe, kiongozi wa TMC na mkuu wa serikali ya West Bengal wakati ule, cheo kama cha Waziri Kiongozi wa Zanzibar enzi zile. Siku ya kuhesabu vyombo vya habari vilitangaza kashinda kwa kama 1,200, baadaye ikageuka, kwa hiyo usichukue namba za magazeti ya jioni ile, chukua za tume ya uchaguzi. Chama chake kilipata viti 213 akaapishwa hivyo hivyo, katiba ya India inaruhusu asiye mjumbe kushika uwaziri miezi 6. Mjumbe mwenzake wa TMC akamwachia jimbo la Bhabanipur, mjini Kolkata, akashinda uchaguzi mdogo wa 30 Septemba kwa 58,835. Hiyo namba isiingie kwenye faili lako la Nandigram, nimeshawahi kuiona imebandikwa humo na mtu mzima kabisa.