Dawa ya ADHD ikigoma, uliza kwanza ni saa ngapi

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto wa ADHD, yaani hali ya kukosa umakini na utulivu, akinipigia kuniambia dawa ya mwanawe imegoma, hata kabla ya kumpa pole huwa namuuliza: imegoma saa ngapi? Wengi hapo hunyamaza. Wanajua mwalimu analalamika, wanajua jioni nyumba haikaliki, ila hawajawahi kuyaweka malalamiko hayo kwenye saa. Wanakwenda kwa daktari na neno moja, "haifanyi kazi", na daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni akipewa neno hilo peke yake ataongeza dozi.

Mwanangu ana miaka saba, yuko darasa la pili hapa Dar es Salaam. Anatumia methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Tulianza na vidonge vya kawaida: kimoja nyumbani asubuhi, kingine anapewa na matroni shuleni saa sita akishakula. Miezi ya mwanzo ilikuwa nafuu kubwa. Madaftari yalirudi nyumbani kazi ikiwa imemalizika, na simu za shuleni zikapungua. Muhula mpya ulipoanza, tukarudi kule kule. Mwalimu wa darasa akaniandikia: "Mama, mtoto amerudia hali yake. Dawa bado anapata?"

Alikuwa anapata. Kilichobadilika ni gari la shule. Njia ilipangwa upya, mtoto akawa wa kwanza kuchukuliwa badala ya wa mwisho, na kwa foleni za mji huu hiyo maana yake ni kutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Kidonge kilichokuwa kinamezwa saa moja kasorobo sasa kikawa kinamezwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Methilifenideti ya kawaida hudumu saa tatu hadi nne hivi. Piga hesabu mwenyewe: sehemu nzuri ya dawa inaliwa na foleni ya Mwenge, na kengele ya chai ya saa nne inapolia, mwilini hakuna kitu. Kisha anakaa hivyo hivyo mpaka kidonge cha saa sita.

Hesabu hiyo haikujitokeza yenyewe. Nilimwomba mwalimu anitumie ujumbe wa sauti mara tatu kwa siku: baada ya kipindi cha kwanza, baada ya chai, na mchana. Asiandike ripoti, aseme tu ametulia au hajatulia. Walimu wetu wana madarasa makubwa, na ukimpelekea fomu ya kurasa kadhaa ataijaza mara moja kwa ajili ya heshima, basi. Ujumbe wa sauti anautuma akiwa anatembea kwenda ofisini. Baada ya siku chache picha ilikuwa wazi: kipindi cha kwanza mtoto mzima, baada ya chai hakamatiki, mchana anarudi. Daktari aliposikia hivyo hakugusa dozi. Alisema tuna njia mbili: ama kidonge cha kwanza amezee shuleni akifika, ama ahamie kwenye dawa inayotoka polepole. Tukachagua ya pili.

Laiti dozi ingeongezwa, nadhani tungeharibu. Kidonge kikubwa zaidi cha aina ile ile hupandisha kilele cha nguvu ya dawa. Hakirefushi muda kwa kiasi cha kuziba pengo la saa mbili na nusu. Na dozi ikizidi, mtoto hubadilika kwa namna inayomdanganya mzazi. Wengine hupoa kupita kiasi, wanakaa wakitazama ukuta, hawachezi. Wengine huwa wakali, wanalia kwa jambo dogo, wanang'ata kucha na kuchokonoa ngozi. Huyu wa pili ndiye hatari, kwa sababu anaonekana kama mtoto aliyekosa dawa, na mzazi anarudi kuomba iongezwe tena.

Jioni ni habari nyingine kabisa. Dawa inapotoka mwilini, baadhi ya watoto hupandwa na hali kali kuliko siku ambayo hawakuimeza kabisa: ugomvi, kilio, kurukaruka juu ya makochi. Hupita baada ya muda mfupi. Kwetu huja saa kumi na moja jioni, wakati hasa baba yake anapofungua geti, na kwa muda mrefu baba yake aliamini dawa hii haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Alikuwa na haki ya kuamini hivyo. Mtoto aliyekuwa anakutana naye kila siku ni yule ambaye dawa imemtoka. Siku hizi saa hiyo hakuna twisheni wala kazi ya shule. Kuna chakula kwanza, maana mchana dawa humkata hamu ya kula na njaa nayo huchangia, kisha mpira uani. Wapo watoto ambao daktari huwaongezea kidonge kidogo cha alasiri, lakini kikichelewa kinaiba usingizi, na usingizi ukipungua asubuhi yake utasema tena dawa imegoma.

Kuhamia dawa ya polepole kulileta maswali yake. Zote mbili ni methilifenideti ile ile: Ritalin LA hudumu kama saa nane, Concerta kama kumi hadi kumi na mbili. Kidonge cha Concerta hakisagwi, hakivunjwi, hakitafunwi. Ndani yake kuna utaratibu unaovuta maji na kusukuma dawa nje kidogo kidogo. Ukikisaga ili kiingie kwenye uji, umempa mtoto dozi ya siku nzima kwa mkupuo, halafu mchana ukashangaa. Ganda lake halisagiki tumboni, hutoka nzima. Ukiliona chooni usipige kelele kwamba mtoto hajapata dawa. Ritalin LA ni kapsuli, na inaweza kufunguliwa na chembe zake kunyunyizwa juu ya kijiko cha tunda lililopondwa, ila kiwe kimepoa, na chembe zisitafunwe. Uji wa moto, hapana. Yeyote anayemhudumia mtoto asubuhi, awe dada wa kazi au mjomba, aelezwe haya kwa mdomo na aonyeshwe kwa vitendo. Tena mtoto afungue mdomo akishameza. Watoto wa umri huu ni mafundi wa kuficha kidonge shavuni na kukitema nyuma ya sofa.

Jambo jingine ambalo watu hulidharau ni boksi. Tunza boksi tupu la mwezi uliopita na ulilinganishe na jipya. Dawa inaweza kuandikwa miligramu zile zile na jina lile lile la kitaalamu, lakini mtengenezaji akawa mwingine na namna ya kuitoa dawa mwilini ikawa nyingine. Huku si kuwaza tu: Novemba 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziondolea dawa mbili zilizokuwa zikiuzwa kama mbadala wa Concerta hadhi ya kubadilishana nayo moja kwa moja, kwa sababu zilionekana huenda zinatoa dawa taratibu zaidi katika saa zile za mchana ambazo mtoto anaihitaji. Kwetu, ambako mfamasia anakupa kilichopo, swali la "hii imetoka kiwanda kile kile?" halina aibu yoyote.

Bibi yake naye ni sehemu ya hesabu. Mtoto akilala kwa bibi wikiendi, dawa hukaa kabatini, kwa sababu kwa bibi, huyu ni mtoto mtundu tu kama baba yake alivyokuwa. Kwa methilifenideti hilo halina hatari kubwa, na wapo madaktari wanaoruhusu mapumziko ya wikiendi au likizo ili mtoto ale vizuri. Lakini si kila dawa ya ADHD iko hivyo. Atomoksetini huchukua wiki kadhaa kujijenga na inatakiwa kila siku; ukiruka ruka, usitegemee kitu. Klonidini na guanfasini haziachwi ghafla hata kidogo, maana shinikizo la damu linaweza kupanda kwa kasi. Ukibadilishiwa dawa, mwambie bibi tofauti hii siku hiyo hiyo.

Ukishayapitia yote hayo na saa bado hazieleweki, ndipo dozi yenyewe inaangaliwa. Watu hudhani inapimwa kwa kilo kama dawa ya maji ya homa. Hapana. Huanzia chini, mara nyingi miligramu 5, na kupandishwa hatua kwa hatua, kwa kawaida si chini ya wiki kati ya hatua na hatua, mpaka faida ionekane bila madhara kuizidi. Kikomo cha siku kwa vidonge vya kawaida ni miligramu 60. Kuna watoto walioanza vizuri na dozi ndogo, wakaachwa hapo hapo, wakati dozi yao hasa hawajawahi kuifikia. Yetu ilipopandishwa baadaye sikumwambia mwalimu. Nilitaka aendelee kumtazama mtoto kwa macho yale yale, bila kutarajia mabadiliko. Na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja: usipandishe dozi wiki ya mitihani, wala wiki ya kuhama nyumba, wala kumi la kwanza la Ramadhani.

Ramadhani niiseme, kwa sababu kila mwaka inawashtua wazazi wa pwani. Mtoto wa miaka saba hana wajibu wa kufunga, lakini anataka kujaribu kama wenzake, anachelewa kulala kwa sababu ya tarawehe, anaamka daku. Hata asipofunga, usingizi umekatwa vipande viwili. Ongea na daktari kabla mwezi haujaandama, na mtoto aelezwe kwamba anayetumia dawa hana dhambi akila.

Yapo pia mambo ya mwili ambayo hakuna dozi itakayoyatibu. Mtoto anayekoroma usiku na kulala mdomo wazi apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Upungufu wa damu upimwe, na akiba ya madini ya chuma pia. Masikio na macho yapimwe. Anayeganda sekunde chache akikodoa macho, ukimwita hasikii, daktari aambiwe, kwani kuna aina ya kifafa inayokuja hivyo. Na usisahau shule yenyewe: mtoto aliyehamishwa kutoka shule ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza anaweza kuonekana hana umakini kumbe haelewi anachoambiwa.

Aliye chini ya miaka sita ana njia tofauti kidogo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unataka wazazi wafundishwe kwanza mbinu za kumlea na kumwongoza mtoto huyo, dawa ifuate zisipotosha.

Kila ziara daktari apime uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mtoto akizimia, akilalamika kifua, akiona vitu visivyokuwepo au akizungumzia kujidhuru, hakuna kungoja ziara, unampeleka siku hiyo hiyo.

Mwisho, upatikanaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaiweka methilifenideti chini ya udhibiti mkali, na Shirika la Afya Duniani halikuikubali katika orodha yake ya dawa muhimu lilipoipitia mwaka 2019 na tena 2021. Kwa hiyo usiitegemee duka la dawa la mtaani, na usisubiri vidonge viishe ndipo uanze kupiga simu. Wala usimwombe ndugu wa Dubai akubebee kwenye begi bila cheti na barua ya daktari. Kule nako ni dawa inayodhibitiwa, na anayeshikwa nayo ni yeye. Shangazi akitaka kuleta kitu, alete viatu vya shule.